Mistari Mitatu Chini ya Mbavu

Ukinikuta leo nikiuza vitenge hapa Beni, katika komini ya Ruwenzori, huwezi kujua kwamba chini ya mbavu zangu za kushoto nina mistari mitatu myeusi iliyonyooka, kila mmoja na urefu wa kidole cha mtoto. Huwezi kujua kwa sababu nimevaa blauzi, namshukuru Mungu. Mdogo wangu wa kiume anayo. Mama yetu alikuwa nayo na tulimzika nayo. Nusu ya Bulengera, kule Butembo tulikokulia, inayo, na nusu nyingine ni watu wa kuhamia.

Aliyetuchora hivyo ni nyanya yetu mzaa mama. Sisi Wanande nyanya tunamwita Mukaka, na wa kwetu aliitwa hivyo hata na watu waliomzidi umri. Kazi yake ilikuwa bandama. Mtoto akishikwa na homa za mara kwa mara, tumbo likavimba upande wa kushoto, aliletwa kwake. Kwanza alinyweshwa maji ya mubirizi, majani machungu kiasi kwamba watoto wengi walipona palepale ili wasipewe kikombe cha pili. Wasiopona kwa woga walichanjwa. Mukaka alichukua wembe mpya, akakata mistari mitatu juu ya bandama, akasugua ndani yake jivu la mizizi anayoijua yeye, na mtoto akalia mpaka majirani wakajua nani amepata dawa leo.

Wanawake wengine wa mtaa walichanja pia. Lakini chale zao zilipona, zikafifia, na baada ya miaka michache ulihitaji jua kali ili uzione. Mukaka hakuvumilia kazi ya namna hiyo. Yeye alikuwa pia msusi wa vikapu, na mtu wa rangi. Nyuzi zake za kahawia alizipika na majani, kisha akazizika katika tope jeusi la bondeni. Nyekundu aliipata kwa unga wa ngula, ule mti mwekundu wa msituni. Na nyeusi yake aliyojivunia aliipata hapa Beni, kwa wanawake wa Kimbuti waliotoka msituni na matunda fulani ya kijani, wakayabadilisha kwa maharagwe yetu. Wao juisi yake huchorea vitambaa vyao vya magome ya miti, na nyuso zao siku za sherehe. Ukiikamua ni maji tu, unadhani umeibiwa. Kesho yake asubuhi ni nyeusi, na sabuni haina la kufanya. Juu ya ngozi inakaa mpaka ngozi yenyewe ichoke kuibeba. Ikiingia ndani ya chale, utakwenda nayo kaburini.

Mukaka alichanganya juisi hiyo na jivu la dawa. Kwa bandama haikusaidia chochote, na yeye mwenyewe alikiri.

“Sasa unaitia ya nini?” nilimwuliza siku moja.

“Kazi ya mutu inafaa ionekane,” alinijibu.

Basi ilionekana. Ilionekana kuliko alivyoomba.

Vita vilipokuja, vilikuja na wataalamu wake. Mjini tulipata waasi ambao chama chao kiligawanyika kila walipogombana, na kila tawi likajipa jina la herufi nyingi kuliko lile la kwanza, hata tukaacha kuyakariri. Milimani tulipata vijana wa maji na dawa. Hao walikuwa na waganga wao, waliowachanja kifuani na mikononi, wakawanyunyizia maji yenye majani, wakawaambia risasi itageuka maji. Masharti yalikuwa mengi. Usiguse mwanamke, usile jani fulani, usipeane mkono na mtu, usiibe. Kijana akipigwa risasi akafa, ilijulikana mara moja kwamba alivunja sharti. Dawa haikukosea hata siku moja. Tangu hapo sijaona tena dawa nzuri hivyo, hata kwenye mafamasi ya hapa Beni, ambako wanauza kila kitu.

Walimjia Mukaka pia, kwa heshima kabisa, wakitaka awatengenezee ya kwao. Walikuwa wameona mistari yake kwenye mbavu za watu, wakadhani mwanamke anayekata vizuri hivyo lazima anaficha makubwa. Mukaka aliwapa viti na ndizi, akawasikiliza.

“Mie natunza bandama,” aliwaambia. “Mutu wa bandama anapona, anarudi kunishukuru. Mutu wa risasi hapana kurudi.”

Waliondoka wakiamini kwamba ni mnyenyekevu.

Wakati huo wanajeshi wa mjini nao walikuwa wamefanya utafiti wao. Waligundua kwamba adui anajulikana kwa chale. Ugunduzi mkubwa, katika nchi ambayo nusu ya watu walichanjwa kabla ya kuota meno. Wakaweka amri kwenye kila bariere, kizuizi cha barabarani: wanaume wavue mashati. Walikuwa na redio, ramani na miwani ya jua, na hakuna hata mmoja aliyejua bandama ya binadamu inakaa upande gani.

Mdogo wangu alikuwa mchukuzi wa viazi. Alikwenda Musienene siku ya soko, akafunga magunia juu ya baiskeli mpaka baiskeli haionekani, akaisukuma kupanda na kuteremka hadi Butembo. Siku hiyo alifika kwenye bariere akiwa amelowa jasho. Muuza maharagwe mmoja aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyetuletea habari, bado ana mzigo kichwani. Alisema mwanajeshi mmoja alimwambia mdogo wangu, “Longola simisi,” naye akavua shati bila wasiwasi, kwa sababu hakuwa na cha kuficha ila mbavu. Ile mistari mitatu ilikuwa pale, myeusi tii. Walikusanyika kuiangalia. Mmoja alisema hajawahi kuona chale zilizokolea namna hiyo, huyu lazima ni mkubwa wao.

Wakamtia kasho. Kasho yao ilikuwa kontena la chuma nyuma ya nyumba ya tajiri mmoja wa kahawa, ambayo komanda wao alikuwa ameiazima bila kumwuliza mwenyewe. Wenye chale waliwekwa humo mpaka lori la Beni liwachukue kwenda kambi kubwa, kuulizwa maswali. Lori lilikuwa limekwisha kwenda mara kadhaa. Sikumfahamu mtu yeyote aliyerudi kutuambia maswali yenyewe ni yapi.

Mama alikwenda kulia langoni, wakamfukuza. Padri alikwenda, wakampa soda baridi na kumwomba awaombee. Mimi nilikwenda na kitenge kizuri cha zawadi. Kitenge kiliingia, mimi nikabaki nje. Mukaka peke yake hakwenda mahali. Aliketi uani akisuka kikapu, na nilimkasirikia kiasi kwamba nilitaka kukipiga teke. Nilimwambia kwamba rangi yake ndiyo iliyompeleka mtoto wetu katika kontena. Chale za wanawake wengine zisingeonekana. Alimaliza mzunguko aliokuwa anausuka.

“Uniitie ule binti wa nyuma ya kisima,” alisema mwishowe. “Aje na mutoto yake.”

Binti huyo tulimjua sote, na tulikuwa tumemsema vya kutosha. Komanda alikuwa amemwoa, kama unaweza kuita hivyo kupeleka kreti za bia kwa baba mtu na kuchukua msichana. Walikuwa na mtoto wa kiume, ana miezi kadhaa, mnene, mzima wa afya, hajawahi kuumwa hata kikohozi. Nilipomfikishia ujumbe nilitegemea anifungie mlango. Alimfunga mtoto mgongoni na kunifuata.

“Bandugu yangu bote beko na hii mistari,” aliniambia njiani. “Kesho njo bao batakamatwa.”

Mukaka hakumchanja mtoto yule. Alikuwa na sheria zake, na ya kwanza ilikuwa kwamba mtoto mzima haguswi na wembe. Alichukua tunda moja la Beni, akalipasua, akachovya kijiti cha kusukia vikapu ndani ya juisi, akachora. Mistari mitatu, upande wa kushoto, mahali pale pale. Mtoto alitekenywa, akacheka sana, akajinyonganyonga mapajani mwa mama yake. Hakuna kilichoonekana ila unyevunyevu uliokauka mara moja. Mama mtu alimtazama Mukaka, akanitazama mimi.

“Kesho,” Mukaka alisema, na kurudi kwenye kikapu chake.

Asubuhi ilikuwa nyeusi kabisa. Tulikwenda watatu, na mtoto wa nne. Langoni askari walimpisha mke wa komanda, nasi tukapita nyuma yake tukiwa tumeinamisha macho kwa unyenyekevu ambao familia yetu haina. Komanda alikuwa barazani anakunywa chai. Alikuwa amefika kutoka Beni alfajiri ile. Nilitarajia mtu mkubwa wa kutisha, nikakuta mwanaume wa kawaida mwenye vidole vyembamba. Mukaka alimsalimu, akapiga goti kidogo, akasema amekuja kwa ajili ya mjukuu wake.

“Mujukuu yako iko adui,” komanda alisema. “Iko na alama.”

“Alama gani, baba?”

Akaagiza aletwe. Mdogo wangu alitolewa kontenani, shati mkononi, anapepesa macho kwa sababu ya mwanga. Midomo ilikuwa imempasuka. Komanda alinyoosha kidole kwenye zile mbavu.

“Hii.”

“Kama hii njo alama ya adui,” Mukaka alisema, “basi bakamate na huyu.”

Alimtoa mtoto mgongoni mwa mama yake, akamfungua nguo.

Askari wawili waliosimama pale walitazama viatu vyao. Komanda aliinuka, akamchukua mtoto, akamgeuza upande wa mwanga. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua mstari wa kwanza. Akasugua tena, kwa nguvu zaidi. Mtoto alicheka, maana aliona mchezo wa jana umerudi. Mstari haukufutika. Lakini haukuwa na kovu, ngozi ilikuwa laini, na kidole chenye akili kingelijua hilo. Nilimwomba Mungu akifanye kidole kile kuwa cha kijeshi.

“Nani alimukata mutoto yangu bila kuniuliza?”

“Ulikuwa Beni,” mke wake alisema. “Alishikwa na homa. Mukaka alimutunza, akapona.”

“Ni dawa ya bandama, mon commandant,” Mukaka alisema. “Hapa kila mutu iko nayo. Hata padri mwenye alikunywa soda yako iko nayo, utamuvua shati uone.”

Kuna mambo mawili ambayo mwenye cheo hapendi: kudanganywa, na kuonekana kwamba hakujua. La pili ni baya zaidi. Komanda alimvalisha mtoto nguo polepole, akamrudisha kwa mama yake, kisha akawageukia askari wake na kuwakaripia kwamba hawawezi kutofautisha adui na mgonjwa, jambo ambalo yeye, alisema, alilijua siku zote. Akatoa amri palepale. Mistari mitatu chini ya mbavu za kushoto ni ugonjwa, mtu apite. Chale za mahali pengine popote, kasho.

Kontena likafunguliwa. Walitoka vijana wengi kuliko nilivyodhani linaweza kubeba, na karibu wote nilizijua mbavu zao. Mdogo wangu alivaa shati, akamwuliza askari viazi vyake viko wapi. Viazi vilikuwa vimeliwa. Akauliza baiskeli. Mukaka alimshika sikio, mtu mzima na ndevu zake, akamtoa nje ya lango.

“Wasingya,” Mukaka alimwambia binti yule kule nje. Ni asante ya Kinande, na hakuwa mtu wa kuitupatupa.

Hapo hadithi ingeisha, na ingekuwa nzuri. Wengi mtaani huisimulia mpaka hapo tu, wakacheka, wakaagiza chupa nyingine.

Amri ilipoenea, Mukaka alipata umaarufu ambao bandama haikumpa. Vijana wa milimani walirudi, wale wale wa dawa ya risasi, safari hii wanaugua bandama. Waliingia na matumbo bapa, wakanung'unika inavyopasa. Mukaka aliwalaza, akawabonyeza upande wa kushoto, akawaambia wako wazima, waende kulima. Wengine walikwenda kwa wakataji wa kubahatisha, wakakatwa upande wa kulia, na sitasimulia yaliyowapata kwenye bariere.

Lakini rangi juu ya ngozi haidumu. Baada ya wiki chache mistari ya mtoto ilianza kufifia kingoni. Na komanda, kwa bahati yetu mbaya, alikuwa baba mzuri. Akiwa mjini alimwogesha mtoto mwenyewe, kwenye beseni la plastiki barazani, mikono ya shati imekunjwa. Binti yule alituambia anamwimbia. Hilo liliniudhi kuliko kontena. Ningependa awe mnyama tu, ningekuwa na kazi rahisi ya kumchukia. Siku atakapoona upande wa kushoto wa mwanawe ni mtupu kama wa kulia, kila mwenye mistari mitatu angerudi kontenani, mdogo wangu wa kwanza, na Mukaka nyuma yake. Mdogo wangu tungeweza kumtorosha. Mtaa mzima hatungeweza kuuhamisha.

Kwa hiyo binti alikuja mara kwa mara, eti ananunua vikapu. Nyumba ya komanda ilijaa vikapu kuliko ghala la parokia. Kila alipokuja, Mukaka alipasua tunda, akachovya kijiti, akapitisha juu ya mistari ya zamani, na mtoto akacheka. Alifika mahali alikuwa anacheka tangu mlangoni, akiona tu kijiti. Alianza kuinua nguo yake mwenyewe.

Kisha barabara ya Beni ikafungwa. Matawi mawili ya herufi nyingi yalikuwa yanagombana njiani, na wanawake wa Kimbuti, kwa busara yao, walibaki msituni na matunda yao. Kapu la Mukaka likaisha. Alijaribu makaa ya moto na mawese, yakafutika na jasho. Alijaribu majani na tope la vikapu, ngozi ikawa kahawia siku moja, kesho yake hakuna kitu. Mimi nilijaribu kalamu ya wino, nikajiona mwerevu mpaka mtoto alipojikojolea. Lilibaki tunda moja, limekauka nusu, na juisi yake ilitosha kuchanganywa na jivu kidogo tu. Kuchora isingetosha. Kwenye chale ingetosha.

Komanda alikuwa anarudi kesho.

Mukaka alimweleza binti waziwazi. Binti alilia, akafuta uso, akamkalisha mtoto mapajani. Ilikuwa mchana, jua limejaa uani, kuku wanapita. Mukaka alifungua wembe mpya. Nilimwona mwanamke aliyechanja mtaa mzima akiuweka wembe chini, akiuokota tena, nikajua hajawahi kufanya jambo hili, kumkata mtoto asiyeumwa. Mtoto aliona mkono wake unakuja. Aliinua nguo, akaanza kucheka, tumbo likiruka kwa kicheko, anangoja kutekenywa.

Mstari wa kwanza alikuwa bado anacheka. Halafu alinyamaza, akamtazama Mukaka usoni, kabla ya kulia. Nilitamani alie mapema.

Komanda alirudi, akaona mikato mibichi. Aliambiwa homa ilirudi, na dawa imerudiwa. Alimshukuru Mukaka kwa mkono wake mwenyewe. Miezi kadhaa baadaye jeshi lake lilihamishwa, akaondoka na mke na mtoto juu ya lori, na hatukusikia habari zao tena. Mdogo wangu yuko mzima, ana watoto, ananenepa, anauza viazi vya jumla. Mukaka hakushika tena wembe. Waliomletea watoto aliwapa mubirizi tu, na wakiomba chale aliwaambia macho yake hayaoni, huku akisuka vikapu vyenye michoro midogo ambayo mimi siwezi kuifuata. Nyeusi hakuitia tena katika kikapu chochote hadi alipofariki.

Vita havikuisha, vilibadilisha tu herufi. Hapa Beni bado kuna bariere, na bado kuna siku wanaume wanaambiwa wavue mashati. Nikipita na mizigo yangu ya vitenge huwa natazama mbavu za kushoto za vijana, na watu wananiona mwanamke asiye na haya. Yule mtoto sasa ni mwanaume. Sijui yuko nchi gani, wala upande wa nani. Najua tu kwamba mahali fulani ana mistari mitatu myeusi isiyotoka, kazi safi ya Mukaka, na kwamba siku moja mtu mwenye bunduki atamwuliza ni ya nini. Mdogo wangu alikuwa na mtaa mzima wa kumjibia. Yeye hajawahi kuugua bandama, na hakumbuki. Atajibu kwamba hajui, na hilo ndilo jibu baya kuliko yote.